Vyombo Vingine

Nilipokuwa Shule ya Jumapili hapa Kigoma niliamini kabisa kwamba Yesu aliwahi kulala juu ya mto wa maji, kitu kama Malagarasi. Tulisomewa ile habari ya Marko sura ya nne, wanafunzi wanavuka ziwa jioni na tufani inawakuta, na Biblia ya Union inasema yeye alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto. Mto umeingiaje chomboni sikujua, ila mtu anayetembea juu ya maji hashindwi kulala juu yake, kwa hiyo sikuuliza. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja, na alinitazama kwa ile dharau ya watoto wa kiume.

"Dada, mto wa kulalia. Wa sufi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa miaka mingi baadaye, akitaka kunichokoza mbele za watu, alikuwa ananiuliza, "Dada, Malagarasi inalalika?"

Ninaandika habari zake yeye, na za mama, na kidogo habari za Mungu, ingawa huyo wa mwisho siku hizi namsema kwa uangalifu kuliko zamani.

Sisi ni watu wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, pale boti za Gombe na za Burundi zinapoondokea. Mimi nauza dagaa. Niliwahi kufundisha shule miaka minne, nikaacha, habari yake ni ndefu na haina utamu. Sasa alfajiri nipo mwaloni na beseni langu, nanunua wabichi, naanika, nachambua, nawauzia wanaopeleka Tabora na Dar es Salaam kwa treni au kwa malori. Naanika kwenye vichanja, si mchangani. Dagaa wa kichanja na dagaa wa mchangani si ndugu: yule wa kwanza unamtafuna, wa pili anakutafuna wewe meno. Hili nalisema kwa sababu ndilo jambo moja duniani ambalo nina uhakika nalo, na kwa sababu litarudi mbele.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi, tangu alipomaliza darasa la saba. Mama hakupenda, lakini mama mwenyewe ni mjane aliyetusomesha kwa dagaa, angesema nini?

Jumatatu ya tarehe 8 Aprili 2024 ilikuwa giza. Asiyeishi na wavuvi atadhani nasema jambo baya. Kwetu giza ni msimu. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa wanatawanyika, kila mahali ni taa kwao, hawana haja na yako. Kwa hiyo kazi ya ziwa inakwenda kwa mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu, wanaoa, wanalewa, wengine wanaonekana kanisani. Siku za giza wanashuka ziwani na taa zao, zamani karabai, siku hizi za betri na sola, na ukikaa juu huku mlimani usiku utadhani kuna mji mwingine umejengwa kati yetu na Kongo.

Mama alikuwa na desturi ya kuzihesabu. Akishakula anatoa kigoda barazani, anahesabu taa moja moja kwa kidole, na anadai anaijua ya mwanawe. "Ile iliyokaa peke yake. Hapendi kubanana." Tulimwachia aamini hivyo.

Usiku ule mvua ilianza kama saa nane, ya masika, pamoja na upepo. Nilisikia bati likipigapiga, nikageuka upande wa pili nikaendelea kulala. Hilo la kugeuka upande wa pili limenisumbua sana baadaye.

Asubuhi vyombo vikarudi kimoja kimoja. Mwaloni siku kama hiyo watu hawaulizani. Kila anayesogea ufukweni unamtazama usoni tu, na yeye anatazama pembeni. Walikuwa watatu katika chombo chao. Karibu na saa tano wavuvi wengine walimleta mmoja, kijana wa miaka kumi na tisa, waliyemkuta amekumbatia dumu tupu la lita ishirini. Wale wawili wengine hawakuonekana. Hawajaonekana mpaka leo.

Watu walitaka kijana yule aseme kwamba mdogo wangu ndiye aliyempa dumu. Nilisikia habari hiyo inasimuliwa sokoni kabla yeye mwenyewe hajafumbua kinywa. Alipoweza kusema alisema hakumbuki. Taa zilizimika, chombo kikapinduka, akashika kilichokuwa karibu. Nilimshukuru kwa hilo. Angeweza kutupa shujaa kwa bei rahisi, na sisi tungemnunua.

Kesho yake Jumatano ilikuwa Idi. Nusu ya mtaa wetu ni Waislamu, na siku hiyo muziki ulizimwa nyumba tatu kila upande bila mtu kuomba. Jirani yetu alikuja na sinia la pilau limefunikwa kwa kawa, akaliweka katikati ya mkeka, akamwambia mama, "Dada, sikuja kusherehekea. Nimekuja ule." Akakaa. Hakuongeza neno. Alimlisha mama tonge tatu kwa mkono wake, akiziviringa ndogo kama za mtoto.

Walitafuta siku saba. Wenye boti hawakudai chochote zaidi ya petroli, na wengine hata hiyo hawakuidai. Kisha wakaacha, na hakuna aliyetangaza kwamba wameacha. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na duniani linalolizidi kwa kina ni moja tu, Baikal la Urusi. Shuleni nilikuwa nafundisha hayo kwa fahari. Nilikuwa nawaambia watoto pia kwamba chini huko maji hayana hewa, samaki wetu wote wanaishi tabaka la juu tu. Mtu akishajua mambo kama hayo hawezi kujifanya hayajui. Nilikuwa naamka usiku napiga hesabu ya mita.

Msiba usio na kaburi haujui pa kukaa. Mjomba mmoja, mtu mwema, alitaka tuzike mgomba mahali pa mwili, kama alivyoona watu wakifanya, ili roho itulie na watu waanue matanga kwa heshima. Wazee wakakubali. Mchungaji wetu alikuwa bado anakuna kichwa namna ya kulisema hilo kikanisa, mama akamaliza kazi yake. "Mimi sikuzaa mgomba," akasema. Basi tukashuka ufukweni, tukafanya ibada pale. Tangu maji yalipoanza kupanda miaka ile ya 2020 ufukwe wetu wa zamani haupo. Vichanja vyangu vya mwanzo viko chini ya maji, na nyumba kadhaa zimebaki kuta. Tulisimama kando ya ukuta mmoja wa namna hiyo, mchungaji na kanzu yake imelowa pindo, akasoma maneno ya maziko bila jeneza mbele yake. Mawimbi yalikuwa madogo kabisa siku ile, ya adabu. Niliyachukia.

Kisha yakaanza maneno ya watu. "Kazi ya Mungu haina makosa." Nani aliutunga msemo huu? Natamani aje Kibirizi anionyeshe. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Sawa, lakini Ayubu alijisemea mwenyewe juu ya wanawe. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia. Wale rafiki zake watatu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo. Mimi nadhani kila kanisa lingekuwa na mtu wa zamu msibani, kazi yake kumshika mkono yeyote anayeinuka na msemo, amrudishe kwenye mkeka.

Na sitawalaumu wengine peke yao. Mwisho wa Aprili kulikuwa na mkutano wa injili wa uwanjani, mhubiri mgeni, vipaza sauti vikubwa. Wifi yangu, mke wa marehemu, aliniomba tusindikizane. Mhubiri alisema ziwa halichukui mtu hivihivi, kuna madhabahu za ukoo zilizofungwa, na kuna sadaka ya kuzifungua. Nilikuwa na shilingi elfu arobaini kwenye pindo la kitenge, marejesho ya kikoba. Nikatoa zote. Mimi, niliyesoma, niliyefundisha watoto. Niliporudi nikamweleza mama nikilia, nikidhani atanigombeza kwa sababu ya pesa. Alikuwa anachambua maharage. Mama husali kwa Kiha, na akiwa amekasirika hata Mungu humwita kwa Kiha. "Kwa hiyo Imana wa huyo," akasema, "anapokea kwanza ndipo anarudisha maiti?" Akaendelea na maharage yake.

Tarehe 15 Mei ziwa likafungwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu, mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Sina ugomvi na hilo. Sisi wenyewe tulikuwa tunaona beseni linavyopungua mwaka hadi mwaka, na anayesema dagaa wako kama zamani ana lake. Lakini kwa nyumba yetu ilikuwa kama kufungiwa mlango usoni. Nilikuwa na mkopo. Wifi alikuwa na watoto wawili. Na jambo ambalo sikumwambia mtu: mpaka siku ile bado nilikuwa nategemea kwamba mvuvi mmoja, siku moja, atavuta wavu na kukuta kitu, hata shati. Sasa hapakuwa na mtu ziwani. Usiku mama alitoa kigoda chake kwa mazoea, akatazama weusi mtupu, akarudi ndani.

Ndipo nilipoacha kusali. Sikuamua. Ni kama mtu anayeacha kuweka sukari kwenye chai: siku moja unagundua hujaweka kwa muda. Kanisani nilikwenda, kwa sababu mama anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye ule mteremko. Niliimba, na sauti yangu ilitoka vizuri tu, jambo lililonishangaza.

Kila Jumanne alikuja mwinjilisti wa mtaa wetu. Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyevua ziwa hili tangu ujana mpaka mgongo ulipomkatalia. Hakuja kuhubiri. Jumanne ya kwanza alikaa na mama saa nzima, wakaongea bei ya mahindi. Ya pili alikuja na msumari na nyundo, akarudishia lile bati lililokuwa linapigapiga. Ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Mei, akanikuta mimi peke yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Unasali?"

"Hapana."

"Haya." Akakaa. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo humwambii kitu kabisa?"

Nikamwambia ukweli. Kuna sentensi moja inanizunguka kichwani tangu Aprili, nikiosha vyombo, nikipanda mlima, nikigeuka kitandani. Ni ile ya wanafunzi walipomwamsha: *Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?* Nikasema hiyo si sala, hiyo ni kumsuta mtu.

Mzee akatoa Biblia yake kwenye mfuko wa plastiki. Wavuvi huweka kila kitu kwenye plastiki. Akatafuta mahali, akasoma polepole kwa kidole. Kisha akanieleza mambo ambayo walimu wangu wa Shule ya Jumapili, wote watu wa nchi kavu, hawakunieleza. Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, aliko mshika usukani, na hapo ndipo aliyechoka hulazwa maana nyavu haziko miguuni pake. Wale waliopiga kelele hawakuwa waoga, akasema. Wanne kati yao walikuwa wavuvi wa ziwa lilelile, mvuvi hapigi kelele kwa upepo wa kawaida. Na lile ziwa lao ni dogo. Hapo nilimsaidia, kwa sababu nalijua: Ziwa la Galilaya lingeingia ndani ya letu karibu mara mia mbili. Akatikisa kichwa. "Dogo, lakini limezungukwa na milima kama letu. Upepo unashuka kwa ghafla. Nimewaamini watu wale tangu siku ya kwanza."

Kisha akaniambia nitazame mpangilio. Kwa Marko, Yesu anaamka, anaukemea upepo kwanza. Maji yanatulia, kunakuwa shwari kuu. Ndipo anawageukia na kuwauliza mbona waoga. "Lile swali lao lenye utovu wa adabu hakulijibu," mzee akasema, "lakini aliamkia hilohilo. Hawakumwamsha kwa zaburi." Akafunga kitabu. "Liseme hivyohivyo. Ukichoka, nitakusaidia kulisema Jumanne."

Naweza kuwaambia kwamba nililia nikafarijika. Sikulia. Nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimeliona wakati kidole chake kinapita kwenye mistari, na ambalo miaka yote ya kusikia habari hii sikuwahi kuliona. Mstari wa 36, kabla ya tufani, unasema na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye.

"Vile vingine," nikasema. "Vilikuwaje?"

Akafungua tena. Akasoma mbele, akasoma nyuma. Akavua miwani.

"Haisemi," akasema.

"Mdogo wangu alikuwa kwenye vile vingine."

Mzee hakuharakisha kunijibu, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife. Alitazama dirishani ambako ziwa linaonekana kipande kidogo kati ya migomba. Akasema, "Mwaka ambao mimi nilikuwa na umri kama wako, tulikuwa vyombo viwili. Kaka yangu alikuwa kwenye kile kingine." Hakumalizia. Nimekaa mtaa mmoja na mzee huyu maisha yangu yote, amenifundisha Kipaimara, na sikulijua hilo. Tukakaa. Wakati anaondoka akasema jambo moja tu, tena akiwa tayari mlangoni anavaa kandambili: "Shwari ilipokuja haikuchagua. Maji ni yaleyale. Na wao waliipata, waliobaki, bila kujua imetoka wapi."

Waliobaki. Nililichukua neno hilo nikakaa nalo. Sijui kama linatosha. Siku nyingine linatosha, siku nyingine halitoshi hata kidogo, na siku hizo nasema ile sentensi ya kumsuta, kwa sauti, nikiwa peke yangu barabarani. Watu wa Mwandiga nadhani wamenizoea.

Kwa maana huko ndiko nilikokwenda kutafuta riziki. Shangazi yetu ana michikichi kule, na msimu ziwa limefungwa nikawa nachukua mawese kwake kwa madumu, nayauza mjini. Kazi ya mawese inatoka jasho la namna yake. Unachemsha chikichi, unasukuma mashine mpaka kifua kinawaka, mafuta yanashuka mekundu, mise, yaani kokwa, unaiweka kando ianikwe ikauzwe nayo. Kikoba walikaa kikao bila mimi kuwepo. Waliporudi, mweka hazina akanionyesha daftari: marejesho yangu ya Mei, Juni na Julai yamesogezwa mbele, na faini imepigwa mstari. Wanawake kumi na nane, nusu yao dagaa kama mimi, nao wamefungiwa ziwa vilevile. Sijui walikula nini wao.

Usiku mmoja wa Juni nililala kwa shangazi kwa sababu giza lilinikuta. Alinitandikia mkeka kwenye chumba cha madumu, akanipa mto. Ulikuwa wa sufi, mgumu, unanuka mawese na moshi. Niliuweka chini ya kichwa, nikamsikia mdogo wangu kabisa: *Dada, wa kulalia.* Nikacheka gizani kama mwehu. Halafu nikalala. Nililala mpaka jua likapanda, mara ya kwanza tangu 8 Aprili, na nilipoamka hakuna kilichokuwa kimebadilika, hakuna aliyepatikana, mkopo ulikuwepo. Ila nilikuwa nimelala. Watu wanaposema amani ya Mungu, ipitayo akili zote, mimi nakumbuka ule mto. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani kulala ni kumsaliti mtu. Yesu mwenyewe alilala, tena chombo kikijaa maji.

Mama yeye alikuwa na namna yake. Tangu Aprili hakutia dagaa kinywani, wala mgebuka, wala kuhe, wala chochote cha ziwani. Hakueleza na hatukumuuliza, kila mtu nyumbani alielewa sababu na hakuna aliyetaka kuisikia ikisemwa. Tulikula maharage na sombe. Watoto walilalamika, wakanyamazishwa.

Zile pesa za rambirambi zilikaa kwenye kopo la maziwa mpaka Agosti. Mjomba alitaka zijenge alama ya kumbukumbu. Mama alimtuma mjukuu amwite yule kijana wa dumu, ambaye kwa miezi yote hii alikuwa anakuja kila jioni, anakaa ukingoni mwa baraza, anaondoka. Akampa kopo zima. "Nenda mjini ukanunue jaketi okozi. Zuri, si la kuchorwa. Uniletee nilione." Aliporudi nalo, la rangi ya chungwa, mama alilikagua kama anavyokagua kitambaa: akavuta kamba, akapekua mshono, akamwambia alivae atembee uani. Kijana alitembea uani na jaketi okozi, kuku wakimkimbia. Sijawahi kusikia mahubiri yanayofikia hayo, na nimesikia mengi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma tena, zaburi moja kila usiku kwa sauti, mama akisikiliza na macho yamefungwa. Tulipofika ya 88 nilitaka kuiruka. Ndiyo ile ambayo mtu analia tangu mstari wa kwanza na haigeuki mwishoni kama zile nyingine, hakuna "lakini nitakusifu". Inaishia gizani, basi. Nilisoma nikanyamaza, nikingoja mama aseme kitu.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Huyo alikuwa mvuvi," akasema, na kuvuta shuka.

Ziwa likafunguliwa 15 Agosti, lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na walioshuka kwa hamu wakarudi na mabeseni ya aibu. Giza lenyewe lilikuja mwanzoni mwa Septemba. Nilitoka mwaloni asubuhi nina beseni zima. Mikono yangu ilikuwa imesahau, nikaanika haraka, na kwa kuwa vichanja viwili vilikuwa vimeoza nikiwa Mwandiga, sehemu kidogo niliwatandaza kwenye turubai chini. Nikapika waliokauka vizuri kwa ajili ya watoto, na nyanya na mawese, nikamwekea mama maharage yake.

Jioni alikuwa barazani na kigoda chake. Ziwa lilikuwa limejaa taa tena, mpaka karibu na ile milima ya Kongo. Alikuwa anahesabu kwa kidole. Alifika thelathini na kitu, akapotea, akaanza upya.

"Yule mtoto ameshuka leo?"

"Ameshuka, mama."

"Amelivaa?"

"Nimemwona nalo."

Akahesabu tena kidogo. Kisha akashusha mkono, akageuka, akanusa upepo wa jikoni, akasema nimletee sahani. Nikaleta ile ya maharage. Akaisogeza kando bila kuitazama. Watoto wakaacha kutafuna. Nikarudi jikoni nikampakulia, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mchuzi ulimwagika kwenye ugali.

Alichukua dagaa mmoja, akamkata kichwa kwa ukucha kama alivyotufundisha sote, akakiweka ukingoni mwa sahani. Akatafuna muda mrefu.

"Hawa," akasema, "wana mchanga."